Saruji Niliyoificha Nyuma ya Chokaa Yako

Fundi Sefu,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini mkono wangu umekataa kuanza bila hiyo. Nakuandikia kutoka Kasulu, leo Jumapili, kazi imesimama. Nimekaa, nimeinuka, nimekwenda mpaka barabarani nikarudi, nimekaa tena. Karatasi imeshashika vumbi jekundu la huku kabla sijafika mstari wa tatu. Unisamehe mwandiko. Niliishia darasa la tano, unajua, na barua ya mwisho niliyoandika kwa mkono sikumbuki ilikuwa ya nani.

Nianze na lile lililonifanya nikuandikie, maana nikizidisha salamu nitaogopa nisilifikie. Nyumba ya Bwana Salehe, kule kwetu Tanga, wanataka kuibomoa. Ile ile uliyoitunza tangu sijazaliwa. Ukuta wa uani umepasuka, umefura kama tumbo. Na ukuta ule, Fundi, niliutia saruji mimi. Hukujua. Au ulijua. Hilo nalo linanisumbua.

Basi, nimeshasema. Sasa naweza kurudi nyuma kidogo.

Siku unazikwa nilikuwa Kumsenga, upande wa Kibondo, juu ya kenchi za darasa. Dada yangu Mwanaidi alipiga simu mara tatu, mtandao ukakata mara tatu. Ya nne nikasikia jina lako na neno "adhuhuri", nikaelewa. Kutoka Kumsenga mpaka Tanga ni siku tatu za mabasi, na mazishi yetu hayangoji mtu. Niliendelea kupiga misumari. Wingu lilikuwa limeshasimama upande wa Burundi na bati lilikuwa halijafungwa. Ntahondi, Muha wa Kagerankanda ninayefanya naye kazi mpaka leo, aliniambia kutoka chini, "We Tanga, umefiwa, shuka." Nikamwambia nikishuka sitapanda tena. Akapanda yeye, akanishikia bati mpaka mvua ilipoanza. Ndiyo matanga yako niliyoyafanya mimi. Sijayafanya mengine.

Tangu hapo nimehamia Kasulu. Huku wanajenga kama wanakimbizwa. Matofali yanachomwa hapo hapo kando ya kiwanja, yakipoa tu yameshaingia ukutani. Lami imefika, na ilipofika kila mwenye duka la udongo la varanda ya miti anataka fremu za vioo. Mwezi uliopita tulibomoa duka la Bi Rukia, ambaye babu yake alitoka kwetu pwani na mzigo wa nguo akalowea huku. Mimi nilipandisha sululu nikasita, nikidhani mama wa watu ataumia. Akanipigia kelele, "Bomoa we! Panya wamekaa bure humo kutosha!" Akasimama anacheka mpaka tukamaliza. Jioni akatuletea chai ya tangawizi kama ya kwetu. Nakwambia hili ili usinidhanie nimegeuka mtu wa kulilia kila kitu cha zamani. Mgongo wangu umezeeka kwa kubomoa na kujenga vya watu, na vingi vilivyoanguka vilistahili kuanguka.

Lakini ile nyumba.

Mwanaidi alinipigia wiki mbili zilizopita, mchana, tumekaa tunakula ugali wa muhogo na maharage. Anapanga vyumba viwili vya juu mle ndani, alihamia baada ya wewe kuanza kuugua. Akasema, "Kaka, ukuta wa uani umepasuka, mkono wangu unaingia mpaka kiwiko." Akasema injinia amekuja, amegonga, amepiga picha, ameandika kwamba mawe na chokaa vimeisha nguvu na nyumba nzima ni hatari kwa wanaokaa humo. Warithi wa Bwana Salehe, ambao hawaelewani hata juu ya chai iwe na sukari ngapi, safari hii wameelewana. Wamepata mtu wa kujenga ghorofa nne, maduka chini, vyumba vya kupanga juu. Wale wenzako wa kuhifadhi majumba nao wakaja na makaratasi yao, wakasema haibomolewi nyumba hii, ni ya mji mzima. Basi ukaitishwa mkutano wa wote, Alhamisi, hapo hapo uani.

Nikamuuliza, "Na wewe uko upande gani?"

Fundi, dada yangu alinipa maneno. "Mimi niko upande wa bomba," akasema. "Mwaka wa ngapi huu napandisha ndoo kwa ngazi zile? Ngazi ya nne haipo, naruka na ndoo kichwani. Wageni wanakuja kupiga picha roshani, wananiashiria nisogee, eti nawaharibia picha na ndoo yangu. Hiyo historia yenu inateka maji?"

Nikasema kitu, sijui nini, kuhusu kazi ya mikono yako. Akanikata. "Wewe unalala chini ya bati jipya huko bara, mimi ndiye unayetaka nilale chini ya boriti za kumbukumbu. Njoo basi ulale wewe." Mjenzi amewaahidi wapangaji wa zamani watarudishwa kwenye vyumba vipya, kila kimoja na mfereji wake wa maji. Mimi ahadi za wajenzi nazijua, nimezijenga kwa mikono yangu na nimeona zinakoishia. Lakini yeye ameishika ile ahadi kwa mikono miwili, na sikuwa na cha kumpa badala yake.

Jioni akanitumia picha ya ukuta. Nilikuwa nanawa miguu. Nikaiangalia, nikaikuza kwa vidole, nikaiangalia tena.

Ufa wa uzee haunyooki, wewe ndiye uliyenionyesha. Unazunguka mawe, unatafuta njia, unapotea. Huu wa Mwanaidi umenyooka kama umepigwa uzi, kimo cha kifua changu, kutoka mlango wa bafu mpaka kona ya kisima. Pale pale saruji yangu ilipoishia.

Unaukumbuka mwaka ule kifua chako kiliposhikwa ukalazwa? Bwana Salehe alikuwa anamwoza binti yake, wageni wanatoka Pemba, na sehemu ya chini ya ukuta wa uani tulikuwa tumeshaibandua, mawe wazi, aibu tupu. Chokaa tuliyoizima shimoni ilikuwa changa. Uliniambia kitandani, umeshika shuka, "Usiiguse mpaka iwe kama mtindi. Ikikuunguza kidole, ujue bado ina hasira." Niliitia kidole. Iliniunguza. Bwana Salehe akaja mara ya kwanza, akaja mara ya pili, akasema, "Mbaruku, au nimwite fundi mwingine?" Basi nikaenda dukani nikachukua saruji, na mchanga wa kawaida, nikapiga lipu ukuta mzima mpaka kimo cha kifua. Siku mbili nimemaliza. Juu nikapaka chokaa ya maji mikono mitatu, pakawa peupe pe. Wageni walikula pilau wameegemea pale.

Niseme kweli yote, maana nusu kweli nimeshaibeba sana. Sikufanya kwa haraka ya harusi peke yake. Nilifanya kwa jeuri. Nilijiambia saruji inashika ndani ya siku moja, nyumba mpya zote mjini ni saruji, huyu mzee anangoja shimo lake la chokaa kama anangoja mimba, na dunia imeshaondoka. Nilijiona nimekupita.

Ulipotoka hospitali ulikuja moja kwa moja, kanzu imekupwaya. Ukagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukagonga tena chini kidogo. Ukapitisha kidole, ukakilamba, kama ulivyozoea kuonja chumvi. Nilisimama nyuma yako nimeshika mwiko usio na kazi. Ukasema, "Umekauka upesi." Basi. Ukaenda kukaa barazani, ukaomba maji.

Miezi michache baadaye ukaniambia nitafute kazi bara, huko wanajenga kwa saruji, nitapendwa. Miaka yote hii nilidhani ulinipa ruhusa. Sasa nalala nageuka, nageuka, nawaza huenda ulinifukuza kwa adabu. Ungenigombeza, Fundi. Ungenitupia nyundo. Ningeubandua ukuta siku ile ile na tusingekuwa hapa.

Maana nyumba haijaisha nguvu. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua, maji yanayopanda kutoka ardhini yanatoka yenyewe, jua la uani linayamaliza. Mimi niliuziba pumzi. Maji yakakosa pa kutokea, yakakaa ndani yakila udongo na chokaa kati ya mawe, yakapanda na chumvi yake mwaka hadi mwaka mpaka yakafika pale saruji ilipoishia, yakapasua. Injinia hakukosea kusema ukuta ni mgonjwa. Angejuaje kwamba ni huo mmoja, na ugonjwa wake umeletwa na mtu? Nje kila mahali ni peupe.

Sasa nifikirie nilivyokuwa siku zile. Nikinyamaza, nyumba inaondoka, Mwanaidi anapata mfereji, warithi wanapatana, hakuna atakayejua. Kunyamaza kungeonekana hata kama wema. Nikisema, namnyang'anya dada yangu maji aliyokwisha kuyasikia yakitiririka kichwani mwake, na jina langu la ufundi linakwisha katika mji pekee ambao bado wananiita fundi. Huku mimi ni kibarua tu.

Kazini nikaanza kuharibu. Nilipanga matofali kozi tatu bila kuangalia uzi. Ntahondi akanisogelea, akanisalimu kwa Kiha chake, "Mwakeye," salamu ya asubuhi, saa saba mchana, kunitania kwamba bado nimelala. Nikamweleza yote. Alinisikiliza huku anatafuna muwa, akatema, akasema, "Kwa hiyo umeua nyumba, halafu unataka kuwa daktari wake."

Nikasema ndiyo, labda.

"Waswahili mna mambo," akasema. "Sisi mzee wetu alipofariki tuliivunja nyumba yake ya udongo, tukajenga ya matofali palepale. Mama alilia siku moja. Ya pili akauliza jiko liko wapi." Nikacheka, nikadhani amenifungulia mlango wa kutokea. Akaendelea kutafuna. Kisha akasema, "Lakini sisi tuliivunja tunajua kwa nini. Hao wa kwenu wanavunja kwa sababu ya uongo wako."

 Alirudi kwenye tope lake. Mimi nilibaki na tofali mkononi sijui niliweke wapi.

Jumatano nikampigia Mwanaidi. Nilimwambia kwa pumzi moja, kama mtu anayemeza dawa. Nikamsikia anatua ndoo. Kisha akasema, "Kwa hiyo mwaka mzima nalaani majini ya Bwana Salehe, kumbe jini ni kaka yangu wa tumbo moja." Akasema, "Na umengoja nimeshachagua rangi ya jiko ndiyo unasema." Nikasikia analia au anacheka, kwa dada yangu huwezi kutofautisha. Nikamwomba anisemee mkutanoni. "Sikusemei," akasema. "Utasema mwenyewe, mimi nitashika simu. Na ukisema habari ya ukuta, useme na habari ya maji. Usinitupe."

Alhamisi ikafika. Msimamizi wetu alikataa kunipa nafasi, zege lilikuwa linamiminwa. Nikaweka ndoo chini nikaenda nyuma ya rundo la matofali. Simu ikaita, nikasikia sauti za uani kwetu. Nilisikia kunguru, Fundi, kunguru wa Tanga, nikasahau nilichotaka kusema. Huku mashine ya zege inanguruma. Nikampungia Ntahondi, akaizima kabisa, msimamizi akaanza kumtukana, na katika matusi yale nikasema.

Nikasema jina langu. Nikasema nilikuwa mwanafunzi wa Fundi Sefu, na ukuta ule niliuziba kwa saruji wakati yeye amelazwa, nikaficha kwa chokaa, na ufa umefuata saruji yangu. Nikasema wapime kama si kimo cha kifua. Mrithi mmoja akauliza, "Wewe ni fundi wa namna gani, unajishtaki kwa simu?" Watu wakacheka. Nikasema ni fundi mbaya, lakini aliyenifundisha alikuwa mzuri, na nyumba aliitunza yeye si mimi. 

Injinia hakucheka. Nilimwogopa bure. Aliniuliza unene wa lipu, aliuliza nilichanganya mchanga kiasi gani, kama niliingiza saruji mpaka kati ya mawe au nilipaka juu tu. Maswali ya mtu wa kazi. Ungempenda. Kisha akasema saruji ibanduliwe, ukuta ushikiliwe kwa magogo, mawe ya nyuma yaonekane. Yakiwa yameshikana, ataandika upya, nyumba ya mbele ibaki, na mjenzi apewe uwanja wa nyuma pale jiko la zamani lilipoanguka, ajenge jengo lake dogo. Yakiwa yameoza, hatasaini karatasi yoyote ya kumzuia mtu kubomoa. Mjenzi alinuna, nilimsikia akinuna, lakini hakukataa. Warithi wametoa muda mpaka kabla ya masika.

Wenzako wa kuhifadhi wakasema sawa, ila bomba lisipandishwe juu, kuta zisitobolewe. Nikamsikia Mwanaidi, karibu sana na simu, "Basi mje mbebe ndoo nyinyi, zamu kwa zamu, na suti zenu!" Uani pakalipuka kicheko. Nikasema, nikiwa nimesimama kwenye vumbi la Kasulu, kwamba bomba likipita kwenye kona ya ngazi, ndani ya kasha la mbao, haligusi jiwe, nami nitalipitisha mwenyewe. Hawakujibu. Sijui kama kule kutojibu kumeandikwa kuwa ni kukubali.

Msimamizi aliniambia nikiondoka nafasi hainingoji. Nimemwelewa. Naondoka Jumanne. Ntahondi ananidai mwisho wa hadithi hii, nimpigie simu nikifika, nimwambie kama mgonjwa amepona au tumemzika. Ameniongezea patasi yake moja, ile nyembamba.

Sasa, Fundi, nimeandika kana kwamba mambo yametulia. Hayajatulia. Leo nimeamka na swali ambalo sikumwambia injinia. Maji yale yamekaa ndani ya ukuta miaka mingi mno. Huenda nimechelewa. Huenda nitabandua saruji nikute nyuma yake tope tupu, mawe yameachana, na mimi nimesimama mbele ya warithi, mbele ya dada yangu aliyeacha vyumba vyake vipya kwa ajili ya neno langu. Nimejaribu kukumbuka ukuta ulivyokuwa siku ile nilipouziba, kama jiwe la chini lilikuwa linacheza au lilikuwa imara. Sikumbuki. Sikuangalia. Nilikuwa nakimbilia harusi ya watu.

Kaburi lako sijaliona. Mwanaidi anasema wamekuweka karibu na ukuta wa kaskazini, chini hapatuami maji. Nimefurahi kwa hilo. Nitakuja kukusalimu kwanza, kabla sijashika chombo, halafu nitakwenda uani.

Kwaheri, mwalimu wangu. Mungu akupe wasaa huko ulipo, akupe na kifua kisicho na vumbi. Mimi nakuahidi kitu kimoja tu, maana vikizidi nitavunja. Nitaubandua ukuta ule polepole, mchana, watu wote wakiangalia. Nikikuta mawe yako yameshikana, nitazima chokaa na nitangoja mpaka iwe mtindi, hata warithi wanune mpaka wapasuke. Na nikikuta yamekufa, nitasema yamekufa. Nitasema mbele ya wale wanaokupenda, mbele ya mjenzi, kwa sauti ile ile. Nitamwacha kila mtu aone na aguse, na sitapaka kitu juu yake.

Ni mimi kibarua wako,
Mbaruku